Siku Moja Katika Milima ya Mbizi

1. Nchi iliyo juu

Nchi ya Ufipa ni nchi iliyoinuliwa. Magharibi yake liko Ziwa Tanganyika, na mashariki yake liko Ziwa Rukwa. Katikati ya maziwa haya mawili ardhi imesimama juu kama meza. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 770 juu ya bahari, na uso wa Ziwa Rukwa uko kama mita 800; lakini mji wa Sumbawanga uko kama mita 1,800. Basi mtu atokaye pwani ya Rukwa na kufika Sumbawanga amepanda mita 1,000 kwa kimo. Kila mtu apandapo kimo cha namna hiyo, hewa huzidi kuwa baridi kwa kadiri ya digrii 6. Ndiyo sababu mtu wa bondeni hutembea kifua wazi mwezi wa Julai, na mtu wa Sumbawanga siku ile ile hujifunika blanketi.

Je, nchi hii iliinuliwaje? Wataalamu wa elimu ya mawe wanatufundisha ya kuwa miamba ya Ufipa ni ya kale mno. Umri wake ni kama miaka milioni elfu mbili. Muda mrefu sana baadaye ardhi ilipasuka, upande huu na upande huu. Vipande vya pembeni vikazama, vikawa mabonde ambayo leo yana maziwa. Kipande cha katikati kikabaki juu. Chukua matofali matatu uyasimamishe bega kwa bega, kisha uyashushe yale mawili ya pembeni. Lile la katikati ndilo Ufipa.

Wala kazi hii haijakwisha. Tarehe 13 Desemba 1910 nchi hii ilitikiswa na tetemeko kubwa, mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa katika Afrika ya Mashariki kwa karne nzima ile.

Ukingo mrefu wa Ufipa unaoelekea Rukwa huitwa Lyamba lya Mfipa. Na karibu na mji wa Sumbawanga, upande wa mashariki, imeinuka Milima ya Mbizi, ambayo vilele vyake huzidi mita 2,300. Katika somo hili nitawasimulia safari ya siku moja niliyoifanya huko pamoja na rafiki yangu, ili mpate kujifunza habari za mlima, na habari ya jambo moja jingine lililo kubwa kuliko mlima.

2. Matayarisho na mapatano

Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba, mwaka 2016. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha kugusa ardhi, na majani mabichi yalikuwa yameanza kuchipua. Rafiki yangu ni mkulima, mtu wa umri wangu, naye tangu utoto wake alichunga ng'ombe wa baba yake katika milima hii. Mimi nafahamu vitabu, yeye anafahamu mlima. Kwa hiyo kila mmoja wetu ni mwalimu wa mwenzake.

Kwa kuwa msitu wa Mbizi ni hifadhi ya Serikali, twalikwenda kwanza kumwarifu bwana misitu, tukapata ruhusa. Tena tukawaambia watu wa nyumbani njia tutakayopita na saa tutakayorudi. Mtu aendaye mlimani pasipo kuaga ni kama mtu aandikaye barua asiandike jina la mtu wa kupelekewa. Ikipotea, hapana ajuaye pa kuitafuta.

Vitu tulivyochukua vilikuwa vichache: viazi vitamu vilivyochemshwa, karanga, maji ya kutosha watu wawili, kamba, makoti ya mvua, kisu kidogo, na kitambaa safi cha kufungia jeraha. Viatu vyetu vilikuwa na soli ngumu zenye meno.

Kabla ya kutoka mlangoni, rafiki yangu akaniambia, "Mwalimu, tupatane kwanza. Mlima haupandwi na watu wawili wenye nia mbili."

Tukapatana mambo matatu. La kwanza, tusiachane, hata mmoja akichoka. La pili, ikifika saa sita ya mchana tugeuke, popote tulipo. La tatu, mmoja wetu akisema "Turudi," wote wawili turudi papo hapo, wala mwenzake asimwulize sababu mpaka watakapokuwa mahali pa salama.

Jambo hili la tatu nalilistaajabia, nikamwuliza, "Ndugu yangu, kwa nini nisikuulize sababu?"

Akajibu, "Kwa sababu mwenye mashaka huona haya kuyaeleza, na mwenye tamaa hapungukiwi maneno. Mkisimama kujadiliana juu ya mwamba, atakayeshinda ni msemaji, si mwenye akili. Na huko juu muda wa kushindana ndio muda wa kujiokoa."

Nikaona maneno yake yana maana, tukapeana mikono.

3. Tanuri la kale na msitu

Twaliondoka saa kumi na moja alfajiri, nyota zingali zikionekana. Kulipopambazuka tulikuwa katika mteremko wa majani, na nyuma yetu mashamba ya Ufipa yalionekana wazi. Nchi hii haina miti mingi; kwa hiyo tangu zamani Wafipa hukata majani na kuyafukia chini ya vichuguu vya udongo, yaoze, yawe mbolea. Ukiyatazama mashamba hayo kutoka juu, vichuguu vile vimepangwa kwa safu kama vyungu vilivyofudikizwa sokoni.

Karibu na njia tukakuta masalio ya tanuri la kale la kuyeyushia chuma. Wafipa wa zamani walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Walijenga tanuri refu la udongo kupita kimo cha mtu, wakaacha matundu chini pande zote, kisha wakalijaza makaa na mawe yenye chuma. Moto ulipowaka, hapakuwa na haja ya mivukuto katika tanuri lile kubwa. Hewa yenye joto ilipanda na kutoka juu, na hewa baridi ikavutwa kuingia kwa yale matundu ya chini, ikauchochea moto wenyewe kwa wenyewe. Likumbukeni neno hili, ya kuwa hewa yenye joto hupanda, kwa maana tutalihitaji tena baadaye.

Saa mbili tukaingia msituni. Baridi ikatushika, na chini kukawa na unyevu na harufu ya majani yaliyooza. Msitu huu si mkubwa, lakini kazi yake ni kubwa. Mvua inyeshapo, majani na mizizi huyazuia maji yasikimbie upesi. Maji hupenya ardhini polepole, kisha hutoka katika chemchemi mwaka mzima. Vijito vitokavyo Mbizi huwapa watu wa Sumbawanga maji ya kunywa. Mtu achomaye moto msitu huu kwa ajili ya kuwinda panya hachomi miti tu. Anachoma na kisima cha mji.

Juu ya vichwa vyetu tukasikia matawi yakitikisika. Walikuwa mbega wekundu, ambao ni wachache sana duniani, nao huishi katika msitu huu. Mbega hana kidole gumba kamili kama sisi. Mahali pake pana kinundu tu. Mkono wake umekuwa kama kulabu, naye huruka toka tawi hata tawi pasipo kushika kwa nguvu. Sisi hatuna wepesi wake, lakini Mwenyezi Mungu ametupa kidole gumba cha kushikia na akili ya kuchagua mahali pa kushika. Muda si muda tulivihitaji vyote viwili.

4. Kupanda miamba

Saa tatu na nusu msitu ukakoma, na mbele yetu ikasimama miamba. Ilikuwa ya kijivu, yenye mistari myeupe na myeusi iliyopindana kama nyuzi za mkeka. Mahali pengine mistari myeupe ilikuwa mipana kama mkono, ikimetameta juani. Jua la mchana huupasha mwamba moto, na baridi ya usiku huupoza. Kwa kutanuka na kujikunja namna hiyo miaka elfu na elfu, mwamba hupasuka magamba, na magamba huvunjika kuwa mawe. Basi si kila jiwe lililo juu ya mlima limeshikamana na mlima. Mengine yamekaa tu, yanangoja wa kuyagusa.

Hapo rafiki yangu akanifundisha kanuni za kupanda, nami nawafundisha ninyi.

Kanuni ya kwanza: binadamu ana viungo vinne vya kupandia, mikono miwili na miguu miwili. Sogeza kimoja tu kwa wakati mmoja. Vile vitatu na vishike imara.

Kanuni ya pili: usiliamini jiwe kabla ya kulijaribu. Ligonge kwa kiganja usikilize. Jiwe lililoshikamana halitoi sauti ya uwazi, na jiwe lililolegea hulia kama mtungi mtupu. Wala usishike majani, kwa maana mizizi yake ni mifupi na udongo wake ni mwembamba.

Kanuni ya tatu: miguu ipande, mikono isaidie. Mtu ajivutaye kwa mikono huchoka upesi, kisha vidole vyake hutetemeka mahali asipotaka vitetemeke.

Kanuni ya nne: usisimame kamwe chini ya mwenzako. Mmoja apandapo, mwingine na angoje kando. Tena mtu akitikisa jiwe likaanguka, na apige kelele, "Jiwe!" wala asione haya.

Kanuni hii ya nne haikungoja kitabu ili kuthibitishwa. Tulikuwa katika ufa mwembamba, rafiki yangu akiwa mbele kwa kadiri ya mita nane, nami nimesimama kando nyuma ya pembe ya mwamba. Ghafula nikasikia, "Jiwe!" Jiwe lenye ukubwa wa chungu likapita mahali pa wazi, likagonga chini, likapasuka vipande vitatu, vipande vikaendelea kuruka mpaka msituni. Moshi wa mawe ukanifikia puani. Rafiki yangu akauliza, "Mwalimu, u mzima?" Nikamjibu, "Ni mzima, ndugu." Hatukusema zaidi, tukaendelea.

5. Ukingoni

Saa tano tukatokea juu ya ukingo. Nani atakayeweza kuielezea nchi iliyoonekana? Upande wa magharibi tuliotoka, ardhi ilikuwa pana na tulivu, mashamba na vijiji, na mabati ya Sumbawanga yaking'aa. Upande wa mashariki ardhi ilikoma. Iliteremka magenge juu ya magenge zaidi ya mita 1,000, mpaka bonde la Rukwa, na mbali katika ukungu wa joto likaonekana ziwa, jeupe kama sahani.

Ziwa Rukwa si kama maziwa mengine. Mito huingia, lakini hapana mto utokao. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua, na chumvi na magadi hubaki. Tena ziwa halina kina kirefu. Kwa hiyo miaka ya mvua nyingi huenea sana, na miaka ya ukame hurudi nyuma mbali. Nduguye wa upande wa pili, Ziwa Tanganyika, kina chake hufika kama mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina. Maziwa mawili, moja la kina kidogo na moja la kina kikuu, na kati yao Ufipa!

Tukala viazi na karanga, tukanywa maji. Mbele yetu, upande wa kaskazini, ulisimama mwamba wa mwisho, mrefu kuliko yote, kama mita hamsini kutoka mahali tulipokaa. Jua lilikuwa likiwaka, na saa sita haijafika bado. Nami moyoni nilikuwa nimekwisha kuupanda.

6. Neno moja

Rafiki yangu alikuwa haulitazami mwamba ule. Alikuwa akitazama bonde. Upepo uliokuwa ukitupuliza mgongoni asubuhi ulikuwa umenyamaza, na sasa pumzi ya joto ilikuwa ikipanda kutoka Rukwa na kutupiga usoni. Mbali, juu ya ziwa, palikuwa na wingu jeupe, dogo, lililofura kama povu la maziwa yanayotaka kuchemka.

Akasimama, akafunga mzigo wake, akasema, "Mwalimu, turudi."

Wanafunzi, nataka mfahamu hali ilivyokuwa. Mbingu juu yetu ilikuwa ya samawati. Wingu lilikuwa mbali. Mwamba wa mwisho ulikuwa karibu, na robo saa ingetosha kuufikia. Maneno yakanijaa kinywani: kwamba saa haijafika, kwamba tumetembea tangu alfajiri, kwamba hatutarudi tena mwaka huu. Lakini nalikumbuka mapatano tuliyoyafanya mlangoni. Mtu akipatana na mwenzake chini, penye usalama na akili tulivu, kisha akayavunja mapatano juu, penye tamaa, yale hayakuwa mapatano, yalikuwa mazungumzo tu.

Nikauchukua mzigo wangu, nikasema, "Twende." Tukaupa mwamba migongo.

7. Radi

Wahenga walisema: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Apandaye huona mahali pa kushika mbele ya macho yake, lakini ashukaye hutafuta kwa mguu. Penye mteremko mkali tukaugeukia mwamba, tukashuka kinyumenyume kama mtu ashukavyo ngazi. Penye ufa ule tukaifunga kamba na kushuka mmoja mmoja. Mwamba ulikuwa ungali mkavu, nasi tukamshukuru Mungu kwa hilo.

Tulikuwa tumekwisha kuimaliza miamba, na saa sita imepita kidogo, jua lilipofunikwa. Lile wingu dogo lilikuwa limekuwa mlima juu ya mlima, jeusi tumboni na jeupe kichwani. Umeme ukamulika. Rafiki yangu akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, hata kumi na tano. Ndipo ngurumo ikafika. Jifunzeni hesabu hii. Mwangaza wa umeme hufika machoni mara moja, lakini sauti hutembea kama mita 340 tu kwa kila sekunde, yaani kama sekunde tatu kwa kilometa moja. Kumi na tano tukiigawanya kwa tatu tunapata tano. Radi ilikuwa mbali nasi kama kilometa tano. Mara ya pili tukahesabu tisa. Mara ya tatu tukahesabu nne.

Hatukukimbilia mti uliosimama peke yake mteremkoni, ijapokuwa mvua ilikuwa imeanza. Hatukuingia katika pango fupi lililo wazi chini ya genge. Tulichagua mahali palipobonyea, penye vichaka vifupi vya kimo kimoja, tukaachana kadiri ya hatua kumi, tukachuchumaa, miguu pamoja, vichwa chini. Tuliachana ili radi ikimpiga mmoja, abaki mmoja wa kumsaidia. Mvua ya mawe ikatupiga mgongoni. Kisha mbingu ikapasuka, na tukaona mwali ukishuka juu ya ukingo, kule juu tulikotoka, na ngurumo yake haikungoja kuhesabiwa.

Tufani ilidumu kama nusu saa. Ilipopita, tukaitazama miamba. Maji yalikuwa yakiteremka katika ule ufa kama mto, na mawe meupe ya barafu yamejaa kila mahali pa kuwekea mguu.

8. Sababu

Tulipofika chini ya msitu, mahali pa salama, nikamwambia, "Ndugu yangu, sasa naweza kukuuliza."

Akakaa juu ya gogo, akanisimulia. Alipokuwa kijana, alichunga milimani pamoja na mwenzake aliyempenda kama ndugu wa tumbo moja. Siku moja mwanzoni mwa mvua, wingu kama lile la leo lilipanda kutoka bondeni. Yeye aliliona, akaogopa, lakini akaona haya kusema, asije akachekwa. Mvua ikawafikia. Mwenzake akakimbilia chini ya mti mmoja mrefu, na radi ikaupiga mti ule. Mwenzake akafa.

"Lakini si hilo tu," akasema. "Kijijini watu waliuliza, nani ameituma radi? Palikuwa na bibi mmoja mzee, mjane, asiye na mtoto wa kumtetea. Wakasema ni yeye. Wakambomolea nyumba, wakamfukuza, naye hatukumwona tena. Radi ilichukua mtu mmoja, Mwalimu. Wa pili tulimchukua sisi. Tangu siku ile nimejifunza mawingu, na nikiogopa, nasema."

Wanafunzi, watu hueleza ya kuwa jina la Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi." Njia moja ya kuutupa ni kujua mambo yalivyo. Radi haitumwi na mtu. Mchana jua hulipasha joto bonde la Rukwa. Hewa yenye joto hupanda ukingo wa Ufipa, kama ilivyopanda katika tanuri la wahunzi. Ikifika juu hupoa, na mvuke wake hugeuka kuwa wingu. Ndani ya wingu chembe za maji na barafu hupanda na kushuka kwa nguvu, zikigongana, na katika kugongana huko nguvu ya umeme hukusanyika. Ikizidi, huruka kuitafuta ardhi, nayo hupenda kupiga kitu kilichoinuka kuliko vingine: mti wa peke yake, ncha ya mwamba, au mtu aliyesimama uwandani. Haimtafuti mtu kwa jina lake, wala haijui habari za magomvi yetu.

Kwa sababu hiyo tufani nyingi hutokea baada ya adhuhuri, na mpanda mlima mwenye busara hupanda asubuhi na mapema. Nyumba kubwa iliyofungwa ni kimbilio jema kuliko mahali popote pa nje. Na mtu akipigwa na radi, msiogope kumshika; mwili wake haubaki na umeme. Asipopumua, mbonyezeni kifua katikati kwa nguvu na kwa haraka pasipo kuacha, huku wengine wakikimbia kuita msaada. Wengi waliodhaniwa kuwa wamekufa waliokolewa kwa njia hii.

9. Mafundisho

Tulifika nyumbani saa kumi na moja jioni, tumelowa na kuchoka, lakini wazima wote wawili. Kilele hatukukifikia. Watu wengine wangesema tulishindwa. Mimi nasema ya kuwa safari ya mlima haiishi kileleni. Huisha mlangoni pa nyumba ya mtu, watu wake wakimpokea.

Basi shikeni mambo haya. Patana na mwenzako kabla ya kuondoka. Ukiwa na hofu, iseme, wala usione haya. Mwenzako akisema neno la tahadhari, litii kwanza, sababu utaiuliza baadaye. Na msiba ukija, tafuta chanzo chake kwa elimu, usitafute mtu mnyonge wa kumtwika.

Maswali

1. Eleza kwa matofali matatu jinsi nchi ya Ufipa ilivyobaki juu kati ya maziwa mawili.
2. Msitu wa Mbizi una faida gani kwa watu wa mjini Sumbawanga?
3. Taja kanuni nne za kupanda miamba. Ipi iliyomwokoa msimulizi, nayo ilimwokoaje?
4. Umeona umeme, ukahesabu sekunde tisa kabla ya kusikia ngurumo. Radi iko mbali kadiri gani?
5. Tanuri la kale la Wafipa na wingu la mvua ya radi vinafanana kwa jambo gani?
6. Kwa nini wale marafiki wawili walichuchumaa mbalimbali, wasikae pamoja?
7. Rafiki alisema, "Wa pili tulimchukua sisi." Alikuwa na maana gani? Kama ungalikuwa kijijini siku ile, ungaliwaambia nini watu?
8. Andika insha fupi juu ya siku uliyomtii mwenzako kabla ya kuijua sababu yake.